Mtoto wa Chekechea na Bustani Isiyokuwapo: Haja ya Kufunza Vyakula vya Kienyeji

Methali ya "Udongo uwahi ungali maji" haikosi kusikika katika hafla za kuwaaga watoto wa chekechea nchini Kenya wanapojiandaa kuingia Gredi ya Kwanza. Mgeni wa heshima huitaja, mwalimu huirudia, wazazi nao hupiga makofi. La kustaajabisha ni kwamba udongo wenyewe, ule wa kushikwa kwa vidole na kunyunyiziwa maji, aghalabu haumo shuleni. Ua umetiwa saruji ili sare zisichafuke. Ukutani mwa darasa imebandikwa chati ya matunda yenye picha za tofaa, peasi, zabibu na stroberi, na mtoto wa miaka minne hufunzwa kuyataja yote kwa Kiingereza. Arudipo nyumbani jioni hula ugali kwa mboga ambayo hakuna mtu shuleni aliyewahi kumwuliza jina lake.

Wapo watakaosema kwamba chati ni chati tu, na kwamba mtoto atavijua vyakula vya kwao bila ya kufunzwa. Hoja hiyo haina mashiko. Chati ile ndiyo orodha ya kwanza ya vyakula ambayo mtoto huonyeshwa na mtu mwenye mamlaka ya elimu. Kilichomo humo ni chakula. Kisichomo ni kitu cha nyanya huko mashambani. Hivyo basi, kabla mtoto hajajua kuandika jina lake, amekwisha kufunzwa kipi cha kuonea fahari na kipi cha kuonea haya. Hata hilo tofaa lina kisa chake. Katika mwambao, mtofaa ni mti wa nchi za joto uzaao tunda jekundu lenye harufu ya waridi. Siku hizi jina hilo limehamishiwa tunda la maduka makubwa, na mtoto wa bara, asiyeyajua matunda yote mawili kwa jina la Kiswahili, husema "epo" na kupewa alama ya vyema.

Ikumbukwe kuwa elimu ya watoto wadogo haikuanza hivi. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua taasisi ya watoto mjini Blankenburg mwaka 1837, aliibandika miaka michache baadaye jina Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Jina hilo halikuwa tamathali tupu. Froebel alitaka kila mtoto awe na kituta chake cha kupanda na kupalilia, na kando yake pawe na shamba la wote. Mfumo ulipovuka bahari na kufika Afrika Mashariki, kilichofika ni darasa, madawati na nyimbo; kituta kilisahaulika njiani. Kiswahili nacho kikaunda istilahi yake, shule ya chekechea, isiyotaja bustani hata kidogo. Pengine hiyo ni sadfa ya lugha, lakini ni sadfa inayoeleza hali ilivyo.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulishughulikia suala hili, maana bustani ni darasa la lugha kabla ya kuwa darasa la kilimo. Mtoto aliyefukia mbegu mbili huona kwa macho yake tofauti kati ya mbegu imeota na mbegu zimeota. Mchicha huu umenyauka, michicha hii imestawi. Boga hili limeiva, maboga haya yameiva. Kiazi kimeoza, viazi vimeoza. Ufito umevunjika, fito zimevunjika. Ngeli ambazo mwanafunzi wa shule ya upili huzikariri kwa jasho kutoka kwenye jedwali, mtoto wa chekechea angezipokea akiwa amechuchumaa, bila ya kujua kwamba anafunzwa sarufi. Vitenzi navyo huja pamoja na kazi yake. Mboga huchumwa, mpunga huvunwa, muhogo hung'olewa, nazi huanguliwa. Kwa mtoto asiyewahi kuingia shambani, vyote hivyo "hutolewa". Mtoto wa Kilifi aliyekulia chini ya minazi hutofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na msamiati huo hakuupata kitabuni. Mwenzake wa mjini hukutana nao kwa mara ya kwanza katika zoezi la darasani, anapotakiwa kuyapanga maneno ambayo hajapata kuona wala kuonja kinachotajwa.

Swali linaloibuka ni kwa nini jembe limekuwa geni shuleni katika nchi ya wakulima. Jibu lina historia ndefu. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza Mwafrika apewe elimu ya kuambatana na mazingira yake ya mashambani, kilimo kikiwamo. Waafrika wengi waliitilia shaka elimu hiyo, na hawakukosea. Mtoto wa mlowezi alifunzwa kuongoza, mtoto wa Mwafrika alifunzwa kulima. Jembe likawa alama ya mlango uliofungwa. Uhuru ulipopatikana, shaka haikwisha. Katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa au aliyezungumza lugha ya mama alitumwa kulima kama adhabu. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake linatokana na Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilijaribu kuirudishia kazi ya shamba heshima yake tangu miaka ya 1960, vikafifia, hata ikabidi serikali ivifufue mwaka 2021. Nao mfumo wa 8-4-4 uliokuja mwaka 1985 ulikifanya kilimo kuwa cha kukariri: mwanafunzi aliweza kutaja hatua za kutengeneza mboji kwa ufasaha na asijue harufu yake.

Mzazi anayekunja uso akisikia kwamba mwanawe wa miaka minne atashika jembe ana haki ya kukumbuka hayo yote. Anachostahili kuelezwa ni kwamba jambo linalopendekezwa hapa si kumfanya mtoto kibarua. Kulima kwa mtoto wa chekechea ni kufukia mbegu kwa kidole, kumwagia maji kwa kopo lililotobolewa, kungoja, kuhesabu majani, kuchuma na kuonja. Hesabu, subira na lugha zimo humo humo. Pasipo na kuonja, bustani hugeuka pambo la kuonyeshwa wakaguzi, na mapambo ya aina hiyo yamejaa tele.

Kisheria na kimtaala, mlango uko wazi. Mtaala wa umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017 na ukaanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeitambua miaka miwili ya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya msingi, na shughuli za mazingira ni miongoni mwa nyanja zake za kujifunza. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti elimu hiyo ya awali. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi, na katika Kifungu cha 7 inaitaka dola kuendeleza lugha za kienyeji. Kinachokosekana ni mtu wa kuvisoma vifungu hivi kwa pamoja. Kaunti nyingi zimejenga madarasa ya chekechea yenye kuta za rangi za kupendeza, lakini ni nadra kusikia gavana akizindua kituta cha mchicha.

Lishe yenyewe si jambo la kupuuzwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ni nafuu ikilinganishwa na asilimia 26 ya mwaka 2014, ila ni karibu mtoto mmoja katika kila watano, na Kilifi, yenye minazi, mihogo na mikunde, ni mojawapo ya kaunti zilizoathirika zaidi. Ingekuwa uongo kudai kwamba vituta vitatu vya mboga vitaziondoa takwimu hizo, au hata kwamba vitawashibisha watoto arobaini wa darasa moja. Umaskini, maji machafu na maradhi havitibiwi kwa mchicha. Mipango ya kuwalisha wanafunzi inahitajika, na mpango wa Nairobi ulioanza mwaka 2023 wa kupeleka chakula cha mchana katika shule za umma kutoka majiko makubwa ni wa kupongezwa. Hata hivyo, mtoto hupokea sahani iliyojaa na asijue ndengu hutoka kwenye mmea wa namna gani. Kulishwa na kuelimishwa kuhusu chakula ni mambo mawili.

Wataalamu wa Kenya wamekwisha kufanya sehemu yao. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi kuonyesha thamani ya mboga za kienyeji, ambazo kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa magugu, na Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo ya sayansi mwaka 2010. Juhudi zilizoanza mwaka 2007, zikiwashirikisha wanasayansi na jamii, ziliorodhesha mimea ya kienyeji ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, na wanafunzi wa shule za msingi walihusishwa katika kukusanya habari za vyakula vya kwao. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi hiyo katika sajili yake ya mifano bora ya kuhifadhi turathi. Kwa hiyo majina yapo, yamekusanywa, yamehifadhiwa. Yalikohifadhiwa ndiko mtoto wa chekechea asikofika.

Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wanapoguswa moja kwa moja. Mwalimu wa chekechea anayetaka kuifunza mboga inayoitwa chinsaga na Wakisii, akeyo na Waluo na tsisaga na Waluhya atapata katika kamusi neno mgagani, ambalo hakuna mzazi wa eneo lake anayelijua. Akienda sokoni Nairobi atakuta wauzaji wa makabila yote wakiinadi kwa jina moja, saga. Ndivyo ilivyo kwa mnavu: Waluo wana osuga, Wakikuyu wana managu, na soko limeamua kwamba ni managu. Msimamo wa baadhi ya walimu wa lugha ni kwamba saga na managu ni makosa yasahihishwe. Msimamo huo unakidhuru Kiswahili chenyewe. Lugha iliyolipokea neno sukumawiki likatulia kana kwamba lilizaliwa nalo haishindwi kuyapokea haya, na mgagani na mnavu yataendelea kutumika pwani, palipo na wasemaji wake. Mtoto aanze na jina la nyumbani kwao, kama Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilivyopendekeza kuhusu lugha ya eneo la shule katika miaka ya mwanzo. La Kiswahili lifuate, liwe la kamusi au la soko. La Kiingereza lingoje zamu yake. Katika Kiingereza, kwa hakika, mnavu umo katika jamii ya mimea ambayo jina lake humfanya msomaji afikirie sumu kwanza, na huenda hilo limechangia kudharauliwa kwake.

Utekelezaji hauhitaji makuu. Mchicha, saga na kunde huota katika siku chache na huweza kuanza kuchumwa baada ya majuma machache, muda unaoenea ndani ya muhula mmoja. Mahindi huchukua miezi, na mtoto wa miaka minne hana subira hiyo. Palipo na saruji, magunia yatafaa. Wakazi wa Kibera wameyatumia kwa miaka mingi kukuzia mboga katika vichochoro visivyo na nafasi ya kulaza jembe. Kaunti kame zina shida ya kweli ya maji, na huko ni afadhali kuanza na mimea inayovumilia ukame, kama kunde, au maji ya kunawia mikono yasiyo na sabuni nyingi. Mwalimu naye afunzwe tahadhari: muhogo mchungu na matunda mabichi ya mnavu si vya kuonjwa na watoto. Yule anayeyajua hayo yote mara nyingi yuko karibu, nyanya wa mmoja wa watoto, ambaye hadi sasa huitwa shuleni siku ya kulipa karo tu. Kikwazo kikubwa ni mwalimu mwenyewe, ambaye katika kaunti nyingi huajiriwa kwa mkataba na kwa ujira mdogo. Kumwongezea bustani bila ya kumwongezea mshahara ni kumdhulumu, na serikali za kaunti hazina budi kuambiwa hivyo waziwazi.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu havina pesa za mishahara, lakini vina watu. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu hutawanyika kote nchini kwa mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi mmoja anaweza kurudi chuoni na orodha ya mboga na matunda thelathini ya eneo alikokuwa: jina la nyumbani, jina la sokoni, jina la kamusi ikiwa lipo, ngeli yake, na kitenzi cha kuivuna. Palipokosekana jina la Kiswahili, nafasi iachwe wazi na mjadala uanzie hapo. Orodha kumi za namna hiyo, zikichapishwa pamoja na michoro, zinatosha kuundia chati ya kwanza ya vyakula vya kienyeji kwa shule za chekechea. Gharama yake ni karatasi, wino na mchoraji, ambaye katika vyuo vingi hupatikana hatua chache tu kutoka idara ya Kiswahili.