Maji ya Udhu na Mgomba wa Uani

Dada mmoja ametuuliza iwapo maji yaliyokwisha tumika kwa udhu yafaa kumwagiwa mgomba. Yafaa, na swali lake limetukumbusha jengo moja la mbali.

Katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio nchini Marekani, lilifunguliwa mwaka 2000 jengo la elimu ya mazingira liitwalo Adam Joseph Lewis Center. Profesa David Orr, aliyeisimamia fikra hiyo, alitaka jengo lenyewe liwe mwalimu. Maji ya vyooni na ya mabeseni yalipangiwa kupita tangi baada ya tangi, mengine yakiwa katika chumba cha vioo kilichosheheni mimea. Humo vijidudu hula uchafu na mizizi huvipa makao, kisha maji hurejeshwa kusafishia vyoo. Nje, mvua ya paani hukusanywa, na pana kinamasi kidogo na miti ya matunda.

Maji ya choo! Twajua baadhi yenu mmekunja nyuso, na si vibaya kuuliza tohara yake. Baraza la Maulamaa Wakubwa la Saudi Arabia lilipitisha mwaka 1398 Hijria, yaani 1978, kwamba majitaka yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, huwa tohara na yafaa kwa udhu. Kwa kunywa, likapendelea yaepukwe inapowezekana, kwa hadhari ya afya.

Majumbani mwetu hatuhitaji matangi ya Oberlin. Tuna paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi bati la mita 40 za mraba, likinyeshewa milimita 20 usiku mmoja, humwaga lita 800: mitungi 40 ya lita 20, ambayo asubuhi yake twamlipa mwenye mkokoteni atuletee, hali yetu yamekwenda baharini! Hata yakipotea kidogo, hesabu ni kubwa. Maji ya mwanzo yaachwe yapite na vumbi na kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe mbu wasizaane.

Dada yetu naye auchimbie mgomba wake kishimo, amwage humo. Ila maji ya nguo yenye dawa ya kung'arisha asiyapeleke huko.