Twendeni Chogo wazee wangali hai

Na Zaina Mhina

Muulize mtoto wa darasa la saba hapa Handeni habari za biashara ya utumwa: atakutajia Bagamoyo, Zanzibar na Tippu Tip. Chogo hataitaja, na Chogo imo wilayani kwake.

Wanaoishi pale ni Wazigua waliotoka Somalia. Wazee wao walichukuliwa huku kwetu karne ya 19, hasa katika njaa kubwa ya miaka ya 1830. Waliahidiwa kazi na chakula, wakapakiwa majahazini, kusi ikawafikisha Benadiri, wakauzwa. Waliotoroka mashamba ya mabwana walijificha katika misitu ya Mto Juba, na mpaka leo wajukuu wanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Kizigua hawakukiacha.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, wakulima hawa hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwakinga. Waliporwa mahindi, wakauawa. Wengi walikimbilia Dadaab, Kenya, na kuanzia 2003 maelfu yao wakapelekwa Marekani. Wengine walikuja kwetu kwa bahari. Bibi mmoja amenisimulia safari yake: amekaa juu ya magunia, mwanawe kamfunga kiunoni kwa kanga asije akachukuliwa na wimbi, na maji ya kunywa nahodha anayagawa kwa kifuniko cha dumu. Usiku watu walikuwa wakiitana majina kuhakikisha hakuna aliyedondoka. Alinieleza yote hayo kwa Kizigua ambacho shangazi zangu wa Korogwe wangekielewa bila kuuliza mara mbili.

Tuliwapokea kambini Mkuyu, kisha 2003 wakahamishiwa Chogo na kupewa ardhi. Wengi wamepata uraia. Najivunia nchi yangu kwa hilo, tena sana.

Lakini hatujakaa nao tukawasikiliza. Aliyepanda jahazi akiwa na miaka 40 sasa amepita 70, na kila msiba unaotokea Chogo unazika simulizi ambayo hakuna aliyeiandika. Wapo wanaosema tusiwatoneshe vidonda. Anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze; bibi yule mimi sikumlazimisha, ni yeye aliyenishika mkono nisiondoke kabla hajamaliza. Wapo pia majirani ambao bado wanawaita Wasomali, kwa dharau. Hao wangejua watu hawa walitokea wapi, wangeona haya.

Tunalo sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tunacho Chuo cha Ualimu Korogwe, chenye vijana wenye simu za kurekodi mifukoni. Naomba halmashauri ya Handeni itoe basi na mafuta, wanachuo wanaojua Kizigua wapelekwe Chogo likizo ijayo, wakae na wazee wiki nzima, na sauti hizo zihifadhiwe mahali ambapo mwalimu yeyote anaweza kuzipata. Waanze na kina mama waliovuka na watoto.