Kona Isiyofagiliwa

Mjadala kuhusu viwanja vya shule umegeuka ugomvi wa kambi mbili. Watu wa bustani wanataka kila kipande cha ardhi kiote mchicha na kiingizwe kwenye somo la sayansi. Watu wa michezo wanataka magoli, bembea na uzio. Makala nyingi za toleo hili zinaegemea upande mmojawapo, na zimehaririwa kwa subira. Swali la mhariri linazihusu kambi zote mbili: mtoto mwenyewe ameachiwa nini akigeuze apendavyo?

Chukua kiwanja cha kawaida cha shule ya msingi. Mlingoti wa bendera, mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia, maua yasiyoguswa, na ardhi iliyofagiliwa kwa chelewa asubuhi hata kijiti hakijabaki. Mkaguzi akija, anasifu. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wanakimbilia nyuma ya vyoo, kwenye rundo la matofali yaliyobaki ujenzi, au kwenye mfereji wa maji ya mvua. Huko msichana amechimba kishimo cha mdako: anarusha jiwe juu, anazoa kokoto, analidaka, analirusha tena na kurudisha zote isipokuwa moja. Hesabu yote anaifanya jiwe likiwa hewani. Wavulana wameziba mfereji kwa udongo na wanasubiri kuona ukingo utapasukia wapi. Mara anatokea mwalimu wa zamu na fimbo yake. Wiki ijayo mmomonyoko wa udongo utafundishwa ubaoni.

Hili C. Th. Sørensen, msanifu mandhari wa Denmark, aliliona mapema: watoto walivipita viwanja nadhifu wakaenda kuchezea penye ujenzi na mabaki. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, uwanja wa makorokoro ulifunguliwa Emdrup, Copenhagen. Palikuwa na mbao, matofali, udongo, zana, na mtu mzima wa kuwaangalia watoto. Sørensen alikiri kwamba kwa sura hakuwahi kufanya kazi mbaya kuliko hiyo, na bado ndiyo aliyoipenda zaidi. Mwaka 1971 Simon Nicholson aliijengea hoja hiyo nadharia: kadiri mahali panapokuwa na vitu vingi vya kusogeza na kubadilisha, ndivyo watu wanavyobuni zaidi. Afrika Mashariki haihitaji mfadhili kwa hilo. Vifuu vipo, makuti yapo, mianzi na matairi chakavu vipo. Na bado fedha zinaishia kwenye bembea moja ya chuma, inayounguza mapaja saa sita mchana huku watoto wakiipangia foleni.

Wanaohofia masomo wasome habari za Shule ya Washington, Berkeley, California. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Robin Moore na jumuiya ya shule walianza kung'oa sehemu ya lami ya uwanja, wakaweka miti na maji. Dimbwi lililochezewa wakati wa mapumziko ndilo lililosomewa viumbe kipindi kilipoanza. Hakuna aliyechora mstari kutenganisha kucheza na kusoma.

Yapo mengine humu. Makala ya Paris inaeleza jinsi lami ya nyua za shule inavyoondolewa ili kupunguza joto la jiji. Nyingine inairudia sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967; ni nzuri, ingawa mwandishi anapita haraka mno mahali ambapo shamba la shule liligeuka adhabu.

Ya mwisho inahusu Nairobi. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi Lang'ata Road walirushiwa mabomu ya machozi walipokuwa wakiandamana kudai uwanja wao wa michezo ulionyakuliwa. Mwandishi wake hazungumzii bustani wala bembea. Anazungumzia mipaka, upimaji na hati ya ardhi, mambo ambayo wabunifu karibu wote wa toleo hili wameyachukulia kuwa yamekwisha kumalizwa na mtu mwingine. Msomaji mwenye haraka aanze nayo.