Mkimbizi anapobadilisha mahindi kwa muhogo: ladha ya nyumbani na bei yake Kasulu na Kibondo

Tukizungumzia mtu anayetafuta chakula cha kwao akiwa nchi ya watu, wengi tunamfikiria mtalii au Mtanzania aliye Ulaya anayeulizia duka lenye unga wa ugali. Lakini hapa kwetu, katika nyanda za juu za Kigoma, kuna wageni wengi wanaofanya hivyo kila siku, nao hawakuja kutalii.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 Warundi wakaanza kumiminika. Nyarugusu ikajaa, Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena, na Mtendeli wilayani Kakonko ikafuata mwanzoni mwa 2016. Wote hao walikuta mgao unaofanana: unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta ya kula, chumvi na unga wa uji ulioongezwa virutubisho.

Ni chakula kizuri, hatukikatai. Shida ni kwamba mtu wa Fizi au Uvira amekua na ugali wa muhogo. Muhogo mchungu huloweshwa siku kadhaa ili sumu itoke, huanikwa, hutwangwa, na ugali wake huvutika mkononi. Pembeni huwekwa sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese. Mrundi huyaita isombe, mtu wa Kinshasa huyaita pondu, nasi tunasema kisamvu. Majina manne, chungu kimoja.

Ndipo lilipoanza jambo ambalo wakazi wa vijiji vya jirani na kambi wanalijua vizuri: mkimbizi kuuza sehemu ya mgao wake, au kuubadilisha kwa unga wa muhogo, ndizi, dagaa na mawese ya wakulima wetu. Na hapo ndipo lilipozaliwa swali tunaloulizwa mara kwa mara: kama wana njaa, mbona wanauza chakula?

Tulitazame kwa hesabu rahisi. Tuseme familia imepokea unga wa mahindi kilo kumi na imetoa kilo tatu ili ipate kilo mbili za muhogo. Imepoteza kilo moja, na imefanya hivyo ikijua. Mtu mwenye ziada huuza apate faida. Huyu anauza kwa hasara ili watoto wale wanachokizoea, au ili apate sabuni na kuni. Kwa hiyo kuuza mgao si ushahidi kwamba mtu ameshiba. Mara nyingi ni dalili kwamba alichopewa hakifanani na anachohitaji, na kwamba hana fedha ya kuziba pengo hilo.

Zilikuwepo njia mbili za kupunguza hasara hiyo. Ya kwanza ilikuwa fedha. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya chakula, wakanunua wanachotaka, na mkulima wa jirani akapata mteja. Mwaka 2017 mpango huo ulisitishwa kwa agizo la serikali. Njia ya pili ilikuwa masoko ya pamoja, ambako mwenyeji na mkimbizi walikutana. Kati ya 2018 na 2019 biashara za kambini zilibanwa, na masoko yakapunguzwa au kufungwa. Serikali ilikuwa na hoja zake: usalama, na msimamo kwamba kambi si makazi ya kudumu. Hoja hizo ni nzito katika mkoa unaopakana na nchi mbili zilizopitia vita. Lakini soko likifungwa, hamu ya muhogo haifungwi. Biashara huhamia vichochoroni, ambako mkimbizi asiye na kibali cha kutoka hupunjwa, na mwenyeji naye huweza kukamatwa.

Kisha fedha za wafadhili zikapungua. Mwaka 2023 mgao ulishushwa hadi asilimia 65 mwezi Machi, na asilimia 50 mwezi Juni. Hapa hesabu yetu inabadilika. Aliyepewa kilo kumi aliweza kupoteza moja. Aliyepewa tano, kila kilo anayoitoa ni mlo unaoondoka.

Wapo wanaosema ladha ni anasa, mwenye njaa hachagui. Sisi tunaona jambo hili lina pande mbili. Ni kweli muhogo una protini kidogo kuliko mahindi, na ugali wake bila maharage au dagaa haumjengi mtoto. Shirika linalolisha maelfu lina sababu ya kuchagua mahindi. Lakini chakula kisicholiwa, au kinacholiwa nusu na kuuzwa nusu kwa hasara, nacho hakitimizi lengo lililopangwa makao makuu.

Pia tusidhani chakula cha asili ni kitu kisichohama. Muhogo, mahindi na maharage vyote vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na Wareno baada ya karne ya 15. Hata dagaa wa Ziwa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo watu wa Bukavu huwaita sambaza na kuwahesabu kuwa wao. Watu huhama na vyakula vyao, na mwenyeji hufaidika akipata nafasi ya kuuza.

Ndiyo maana swali la Kasulu na Kibondo linamhusu mkulima wetu kama linavyomhusu mkimbizi. Muhogo, maharage na mawese tunavyo. Mteja yupo kilomita chache kutoka shambani. Kinachokosekana ni mahali halali pa kukutania, penye ulinzi, siku zinazojulikana na mizani ya haki. Wanaopanga mustakabali wa kambi hizi, pamoja na urejeaji wa wakimbizi makwao, wanaweza kulijadili hilo bila kugusa msimamo wa nchi kuhusu makazi ya kudumu. Anayesubiri kurudi kwao naye hula kila siku.