Kichwa cha Treni cha Maboksi: Upuuzi au Elimu?



Likizo za shule huja na maswali yake, na swali la wiki hii tulipewa Kondele, mjini Kisumu, tulipoalikwa huko kwa darsa. Baada ya watu kutawanyika, mama mmoja alibaki nyuma akasema: "Sheikh, mwanangu ana miaka 13. Tangu shule zifungwe hana kazi ila kuokota maboksi na kuyakatakata, asema anaunda treni. Baba yake ameapa Ijumaa ataitia motoni takataka ile. Na babu yake, mzazi wangu mimi, asema ikichomwa hakanyagi tena nyumbani kwetu. Kijana huyu yumo katika haramu, katika upuuzi, au katika kheri?"

Swali hili lina mafundo matatu: hukumu ya kitu chenyewe, faida yake, na haki ya baba juu ya wakati wa mwanawe. Tutayafungua moja baada ya jingine, kwani tunajua nyumba zinazosumbuka kwa jambo hili si moja.

Fundo la hukumu ni jepesi. Katazo tunalolijua kuhusu kutengeneza sanamu lahusu viumbe vyenye roho. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alimwelekeza mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora picha atengeneze miti na kila kisicho na roho. Treni haina roho. Ni chuma, maji na moto; na ya huyu kijana ni boksi na gundi. Kwa hiyo hapana haramu hapo, ila mtu akiacha Swala kwa ajili yake, au akichukua mali ya mtu bila idhini.

Fundo la faida lilitutaka tuende kuona kwa macho. Tulimkuta kijana ukumbini, ameinamia kipande cha boksi la sabuni. Treni anayoiunda si ya kubuni. Ni Garratt ya daraja la 59 ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na aliyemchagulia ni babu yake, ambaye ujanani alikuwa mtia moto katika reli.

Wasomaji wetu wa Mombasa waliopita miaka 60 hawahitaji kuelezwa. Vichwa hivyo 34 viliundwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7 na uzito wa tani zipatazo 252. Hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi katika reli za upana wa mita moja duniani. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Viwili vingali vipo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: nambari 5918, Mount Gelai, na nambari 5930, Mount Shengena, milima yote miwili iko Tanzania.

Na reli yenyewe ndiyo iliyouleta mji wa Kisumu karibu nasi watu wa pwani. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingoni mwa ziwa tarehe 20 Disemba 1901, na bandari ile ikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji, kabla ya jina la Kisumu kurudi mahali pake. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wakiwemo Waislamu wengi wa Punjab, na wapatao 2,500 hawakurudi kwao hai. Msafiri anayesimama kuswali katika msikiti wa Mackinnon Road, kando ya reli, huwa anaswali juu ya historia hiyo.

Turudi kwa kijana. Kazi yake ameianza kwa uwiano wa moja kwa hamsini, yaani kila mita ya kitu cha kweli ni sentimita mbili katika cha boksi. Reli yenye upana wa mita moja imekuwa sentimita 2. Urefu wa mita 31.7 umekuwa sentimita 63.4. Magurudumu makubwa, ambayo kipenyo chake ni mita 1.37, yamekuwa ya sentimita 2.7. Hesabu hizi zote ameziandika kwa penseli nyuma ya boksi la biskuti.

Garratt ina umbile la peke yake. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alilisajili wazo hilo mwaka 1907. Bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, halikukaa juu ya magurudumu kama ilivyo desturi. Limebebwa katikati kama machela, na kila upande wa machela hiyo upo mtambo wenye magurudumu na silinda zake. Mitambo hiyo miwili hupinda kila mmoja kivyake penye kona, kwa hiyo kichwa kirefu na kizito chapita penye kona kali bila kung'oa reli. Tangi la mbele hubeba maji, na la nyuma hubeba mafuta na maji. Magurudumu makubwa ni 16 na madogo 12, jumla 28.

Gurudumu moja la boksi hufanywa kwa duara tatu zilizochorwa kwa bikari, zikakatwa na kubandikwa pamoja kwa gundi nyeupe ya maseremala. Duara 84, basi. Hubanwa chini ya tofali usiku kucha zisije zikapinda, na tulifurahi kuona ni tofali wala si vitabu vya madrasa. Ekseli ni vijiti vya mishikaki. Bwela ni bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha, likavingirishiwa karatasi ngumu hadi kipenyo kifike sentimita 4.6. Misumari ya ribiti inayoonekana kwenye chuma huigizwa kwa kuukandamiza upande wa nyuma wa karatasi kwa kalamu iliyokwisha wino, nundu zikatokea mbele. Mabomba madogo ni nyaya za umeme zilizomenywa. Rangi itakuwa ile ya shirika, damu ya mzee.

Ipo na siri moja ya boksi ambayo akina mama wanaokata vitambaa wataielewa upesi. Boksi lina uzi kama nguo ilivyo na uzi. Likikunjwa kufuata uzi hupinda kwa ulaini, likikunjwa kwa kuukata uzi huvunjika na kufanya makunyanzi. Kijana alilipinda kwanza huku na huku kwa vidole, akajua uzi umeelekea wapi, ndipo akachora. Fundi cherehani hafanyi zaidi ya hapo.

Jambo lililotugusa kuliko yote ni babu. Mama alitueleza kwamba mzee huyo, aliyepita miaka 80, tangu afiwe na mkewe alikuwa haongei ila kuitikia salamu. Siku kijana alipobandika silinda mbili tu upande wa mbele, mzee alisogeza kiti chake, akasema: "Mjukuu wangu, hiyo itakwenda wapi na silinda mbili? Garratt ina nne, mbili mbele na mbili nyuma." Tangu siku hiyo anaongea. Anaeleza maji yalivyojazwa, moto wa mafuta ulivyotunzwa, dereva na mtia moto walivyofahamiana bila maneno kwa sababu ya kelele. Wanawe wenyewe hawakuwahi kuyasikia hayo. Mvuke ulitoka relini zamani, na kila mzee wa namna hii anapozikwa huzikwa na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mjukuu huyu hatawasha moto wa Garratt ya kweli, lakini amepata cha kuvukuta.

Limebaki fundo la baba, nalo tusilidharau. Tulizungumza naye kando, si mbele ya mtoto, kwani kumshinda baba kwa hoja mbele ya mwanawe ni kuibomoa nyumba kwa jina la kuitengeneza. Akatuambia: "Sheikh, mimi nabeba mizigo soko la Kibuye. Sitaki mwanangu naye abebe. Hesabu yake mtihani uliopita ilikuwa mbaya, nami nikirudi jioni namkuta na wembe na maboksi. Wewe ungefurahi?" Hofu hiyo ni ya haki. Baba anayeogopa juu ya kesho ya mwanawe anatimiza amana yake, hata kama ulimi wake ni mkali.

Tulimwomba kitu kimoja tu: amuulize mwanawe karatasi ya kuvingirisha bwela inatakiwa iwe na upana gani. Kijana akachukua penseli. Kipenyo sentimita 4.6, mara 22, gawanya kwa 7, akapata 14.5 na kidogo cha kupunguza, kisha akaongeza nusu sentimita ya kubandikia gundi. Baba akachukua rula akapima karatasi iliyokwisha kukatwa. Ilikuwa sentimita 15. Akaiangalia kwa muda mrefu. Alituambia hajaridhika, lakini moto wa Ijumaa ameuahirisha hadi shule zifunguliwe, na matokeo ya muhula ujao ndiyo yatakayoamua.

Tumeona huo ni uamuzi wa busara, na tunawashauri wenye watoto wa namna hii waufuate kwa masharti haya. Kwanza, Swala kwa wakati wake, na masomo ya asubuhi kabla ya kushika gundi. Pili, wembe usishikwe bila mtu mzima karibu. Rula ya kukatia iwe ya chuma, na kata iwe nyepesi na ya kurudiarudia, kwani mtu akikata kwa nguvu mara moja wembe huteleza ukaingia kidoleni. Tatu, vitu vyote viwe vya kutupwa au vya kupewa. Kazi hii haitaki fedha, na ikianza kutaka fedha imeacha kuwa kazi ya maboksi. Nne, kijana aandike hesabu zake katika daftari, azioneshe kwa mwalimu wake. Tano, atakachokianza akimalize. Kitu kilichoachwa nusu humfundisha mtoto kuacha nusu.

Wala tusiwasahau mabinti. Katika nyumba ile dada mdogo ndiye anayekata duara kwa uangalifu kuliko kaka yake, na alikuwa akifukuzwa kwa kuambiwa treni ni ya wavulana. Hatujui dalili yoyote inayomnyima msichana bikari.

Kwenu akina mama wa Mombasa, Malindi na Lamu, treni si lazima. Mwenye babu aliyekuwa nahodha, mtoto aunde jahazi, amuulize foromali inakaaje. Mwenye babu seremala, aunde mlango wa nakshi. Kinachotakiwa ni mtoto kupata swali ambalo mzee peke yake ndiye mwenye jawabu lake, na mzee kupata sababu ya kusogeza kiti. Katika likizo hii, kabla boksi la sabuni halijatupwa jalalani, muulizeni mzee wenu alikuwa akifanya kazi gani.

Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu mikononi na akilini mwao, awape wazee wetu umri wa kheri, na azitie huruma nyoyo za akina baba na akina mama. Amin.

Wabillahi tawfiq.