Mpenzi, Punguza Mwendo!

Mwezi huu safu yetu inavaa raba na kuhamia Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wapenzi wengi wa mjini tunaonana kwa saa chache tu. Asubuhi kila mtu na haraka zake, jioni foleni, usiku luninga na simu. Wikiendi ikifika ni baa, nyama choma na muziki wa juu mpaka mkitaka kuongea mnapigiana kelele. Kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli ni mtoko wa bei poa, na mazoezi mnayapata humo humo.

Tatizo ni kwamba mtoko huo huo umeshawatia wengi ugomvi. Picha yenyewe unaijua. Kaka amezoea mpira wa kila Jumapili, anakata kilima kama hana akili nzuri. Dada yuko mita mia mbili nyuma, anahema, viatu vinambana. Kaka akifika juu anasimama, mikono kiunoni: "Vipi mama, mbona hivyo?" Dada akimfikia tu, kaka ambaye ameshapumzika anaanza kuondoka. Kwa hiyo aliyechoka ndiye asiyepumzika hata mara moja! Pengine huwa kinyume: dada ndiye mkimbiaji, na kaka mwenye kitambi cha ofisini ndiye anayekokotwa.

Safari ijayo aliyeachwa atasema kichwa kinamuuma. Na usidhani mambo yanaishia kilimani. Mtu akishajua kwamba akiishiwa nguvu ataachwa nyuma, hata nyumbani ataanza kuficha uchovu wake, ugonjwa wake, hata madeni yake.

Kwa hiyo kanuni ya mwezi huu ni moja: mwenye mwendo wa taratibu ndiye atangulie, na njia ichaguliwe kwa kuangalia miguu yake. Tuanze na njia rahisi, tupande pole pole.

Kutembea: Ziwa Duluti

Kama hamjawahi kutembea pamoja zaidi ya kwenda dukani, anzeni hapa. Pandeni daladala hadi Tengeru, kilomita kama 14 kutoka mjini kwenye barabara ya Moshi. Duluti ni ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano, limezungukwa na hifadhi ya msitu. Mtalipa kiingilio, kisha mnalizunguka kwa miguu chini ya kivuli, mkisikia ndege na kuwaona kima juu ya miti. Njia ni nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo suala la nani atangulie litajitokeza lenyewe. Unajua jibu.

Mkitoka, piteni sokoni Tengeru mnunue ndizi na parachichi. Mkiwa na muda, ulizeni makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, Tengeru ilikuwa kambi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Waliofia hapa bado wamelala hapa. Ni mahali pa kuongea mambo ambayo sebuleni hayaongeleki.

Wanaotaka kilima kidogo waende Ng'iresi, kijiji cha Waarusha kilicho kilomita kama 7 kutoka mjini, juu kwenye miteremko ya Meru. Kuna utalii wa kitamaduni, mnapata mwenyeji wa kuwaongoza kupitia mashamba, na sehemu ya pesa inabaki kijijini. Mkikutana na mzee njiani, shikamoo kwanza, picha baadaye.

Kukimbia: Njiro kwanza, Ilboru baadaye

Mji wa Arusha uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi ndiyo inawavuta wanariadha, na hewa hiyo hiyo itamtoa jasho mgeni aliyeshuka jana kutoka Dar. Kwa siku chache za mwanzo punguza mbio na wala usione aibu.

Anayeanza aende Njiro, ambako vilima si vikali. Barabara zinazopanda Ilboru na Sanawari muziache mpaka miguu izoee. Kipimo ni rahisi: mkimbie huku mnaongea. Mmoja akishindwa kumaliza sentensi, mmeshapita kasi yake, rudini chini.

Bingwa wetu Alphonce Simbu anatufundisha kitu hapa. Septemba 2025 kule Tokyo alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42 na ushee, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Unaposhinda kwa kiasi hicho, kila nguvu uliyoitunza mwanzoni ina kazi yake. Na wewe itunze ya mwenzako.

Dada zangu, kukimbia alfajiri peke yako kwenye njia isiyo na watu si ujasiri. Subiri kupambazuke, toka na mwenzako au kikundi. Na kaka, "nipo usingizini" si jibu la kumpa mwanamke anayetoka gizani.

Baiskeli: ndani ya migomba

Barabara kuu ya Arusha–Moshi waachieni mabasi na malori. Utamu uko kwenye njia za ndani kati ya Tengeru na Usa River, katikati ya kahawa, migomba na mifereji ya maji yanayoshuka kutoka mlimani. Kilima kikiwashinda, shukeni mkokote, wenyeji wenyewe wanakokota. Hatari iko kwenye mteremko. Jaribuni breki kabla ya kuondoka, na bodaboda mpisheni hata kama haki ni yenu. Bebeni pampu, viraka na gundi, kwani miiba haina adabu.

Meru yenyewe

Sasa tuje kwa bosi. Meru una zaidi ya mita 4,500, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Safari huanzia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na huchukua siku tatu au nne. Mnalala Miriakamba, kisha Saddle, kwenye mita kama 3,500. Usiku wa manane mnaamka kupanda kileleni, na kukicha mnaona jua likichomoza upande wa Kilimanjaro.

Hapa mlima wenyewe unailinda kanuni yetu. Msituni kuna nyati na tembo, kwa hiyo lazima muongozane na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hakuna kaka wa kutangulia akasubiri juu mikono kiunoni. Na kichwa kikianza kugonga au kichefuchefu kikija, sema mapema. Kuuficha ugonjwa wa mwinuko ili usimwangushe mpenzi kunaweza kukugharimu maisha. Dawa ni kushuka, na anayekupenda atashuka na wewe bila kununa.

Siku tatu hamna? Ombeni matembezi ya siku moja hadi maporomoko ya Tululusia, nayo ni pamoja na askari.

Kabla hamjatoka

1. Machi hadi Mei ni masika, udongo unateleza kama sabuni. Juni hadi Oktoba ni kukavu, ila Julai baridi ya Arusha haina mchezo.
2. Maji ya kutosha kila mtu na chupa yake. Kunyang'anyana maji kilimani ni chanzo cha vita.
3. Kanga moja kwenye begi: ya kukalia, ya kujifunika, na ya kufunga kiunoni mkipita vijijini.
4. Kubalianeni saa ya kurudi, na yeyote kati yenu aruhusiwe kusema "tugeuze" bila kuulizwa mara mbili.
5. Mkisimama kupumzika, anayeamua kuondoka ni aliyefika mwisho.

Hiyo namba tano ijaribuni hata nyumbani, kwenye mambo ya pesa, ya ndugu na ya watoto. Tukutane mwezi ujao, na raba zisikauke vumbi!