Wanaolipia Malezi ya Watoto Wetu

Kila ninapotaja kwamba serikali ichangie gharama ya kulea watoto wadogo, jibu huwa lile lile: kama hukuwa tayari kulea, mbona ulizaa? Nimelisikia kwenye matatu, kanisani, redioni asubuhi, hata kwa wanawake wenye watoto. Chini yake imejificha imani kwamba malezi ni mzigo wa mzazi peke yake, na kwamba kila familia inayojiheshimu imeubeba bila kumsumbua mtu. Imani hiyo ni ya uongo, na inawaumiza watoto.

Mara nyingi anayesema hivyo ana dada wa kazi. Dada huyo huamka saa kumi na moja alfajiri, akamwogesha mkubwa na kumpandisha basi la shule, kisha akarudi kwa yule anayetambaa. Aghalabu mshahara wake haufiki kima cha chini kilichowekwa na serikali. Naye ana mtoto. Amemwacha Kitui au Siaya kwa nyanya anayelima na mjukuu mgongoni, na nyanya huyo halipwi hata senti. Basi nyumba hiyo ya Nairobi haijitegemei katika malezi. Inalelewa kwa ruzuku, na wanaoitoa ni wanawake wawili maskini.

Mama wa mtaa wa mabanda wa Mathare hana dada wa kazi. Asubuhi hutembea hadi Eastleigh, akaketi kando ya barabara na wenzake wakingoja kuitwa kufua nguo. Siku nyingine haitwi. Mtoto amemwacha beibikea, kituo cha kulelea watoto cha mtaani, kwa shilingi mia moja hivi kwa siku. Nimewahi kuingia katika chumba kimoja cha aina hiyo, mabati matupu, futi kumi kwa kumi. Nilihesabu watoto kumi na tisa na mlezi mmoja. Alikuwa akimlisha mmoja uji huku akimbembeleza mwingine kwa mguu, na maji ya siku nzima yalikuwa kwenye mtungi mmoja wa lita ishirini. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza hesabu zake bila kulalamika: akipandisha bei, akina mama watawafungia watoto nyumbani; akiiacha ilivyo, huku baadhi yao hawalipi siku waliyokosa kazi, hapati cha kumwajiri msaidizi. Mama hana cha kuongeza, mlezi hana cha kupunguza, basi anayepunjwa ni mtoto. Hakuna bidii ya mzazi inayoweza kuifungua hesabu hiyo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili. PP1, darasa la kwanza la chekechea, linampokea mtoto akiwa na miaka minne. Katikati pana miaka mitatu na miezi tisa, na mfua nguo hana hata ile miezi mitatu. Katiba ya 2010 haikuusahau umri huo: Jedwali la Nne linataja vituo vya kulelea watoto miongoni mwa kazi za kaunti, sambamba na chekechea. Anayesema serikali haihusiki basi abishane na Katiba. Nairobi ilitunga sheria ya vituo hivyo mwaka 2017, nami naiunga mkono, lakini kumdai mlezi wa Mathare kibali na choo cha watoto bila kumpa shilingi ni kumwambia afunge mlango.

Wapo wanaohofu kwamba mama akisaidiwa atazembea. Huko Korogocho, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, watafiti walilijaribu jambo hili kwa kuwapa baadhi ya akina mama vocha za kupunguza gharama ya kituo, wengine wasipewe. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopata vocha walikuwa na ajira zaidi kuliko wenzao, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia. Akina mama wanaolea peke yao waliweza kupunguza saa za kazi bila mapato yao kushuka. Mwanamke aliyekuwa akihangaika kutwa nzima alipata nafasi ya kuchagua kazi yenye saa za kibinadamu. Sioni uzembe hapo.

Nalo swali la pesa lisitumiwe kufunga mjadala. Tangu 2023 mpango wa Dishi na County unawapikia wanafunzi wa shule za umma Nairobi, na mzazi huchangia shilingi 5 tu kwa mlo. Serikali ya kaunti iliamua kwamba njaa ya mtoto si siri ya mama yake, na jiko likawashwa. Vivyo hivyo kaunti inaweza kumlipa mlezi posho kwa kila mtoto, ikamfundisha kazi, ikamvutia maji.

Kwa sasa, mtoto wa darasa la pili anakula wali na ndengu shuleni. Mdogo wake wa miaka miwili, aliye katika chumba cha mabati hatua chache kutoka hapo, anangoja uji ambao mlezi ameumudu siku hiyo.